Nahodha hodari na bei yake: hesabu ya Fei Toto kwa matajiri wa Nyamisati

Tajiri wa chombo anayetafuta nahodha pale Nyamisati, wilayani Kibiti, hununua vitu viwili kwa bei moja: ujuzi na tabia. Ujuzi huonekana mapema. Mito ya delta ya Rufiji ina mafungu ya mchanga yanayohamahama, na wanaoweza kupitisha mashua humo usiku maji yakikupwa ni wachache. Nahodha wa aina hiyo hudai sehemu kubwa ya mapato, tena hutaka fedha za awali kabla ya msimu wa kamba. Tabia huonekana baadaye, fedha zikiwa zimeshatoka.

Makubaliano ya vyombo aghalabu ni ya mdomo, kwa hiyo mfano wenye hesabu zilizo wazi inabidi utafutwe kwenye soka.

Desemba 2022 kiungo wa Yanga, Feisal Salum "Fei Toto", aliaga klabu akiwa na mkataba hadi Mei 2024. Aliingiza sh. milioni 112 katika akaunti ya klabu: milioni 100 za usajili na milioni 12 za mishahara ya miezi mitatu. Kwa hesabu yake, deni lilikuwa limekwisha. Yanga ilikataa, na Januari 2023 kamati ya Shirikisho la Soka (TFF) iliamua kwamba bado ni mchezaji wa Yanga.

Kisheria klabu ilishinda, lakini ilibaki na karatasi bila mchezaji. Hakurudi uwanjani hadi msimu ukaisha. Juni 2023 Rais Samia Suluhu Hassan aliitaka klabu imalize suala hilo, na siku chache baadaye Fei akauzwa Azam.

Wapo mashabiki waliomwona hana shukrani. Hata hivyo, msimu wa 2023/24 alifunga mabao 19 ya ligi, mawili tu nyuma ya Aziz Ki wa Yanga aliyeongoza. Mtu mvivu hafungi mabao 19. Kilichogomba ni bei, na kudai bei kubwa si tabia mbaya. Kosa la kibiashara lilikuwa kudai katikati ya mkataba, na hapo ndipo tajiri anapaswa kumpima nahodha wake: alikoachana na tajiri wa mwanzo, aliondoka msimu ukiwa umekwisha au aliacha chombo kikiwa na barafu na mafuta ndani?

Kuna tofauti moja ambayo mwekezaji mdogo asiisahau. Yanga iliweza kusubiri. Bila Fei ilitwaa ubingwa wa ligi na kufika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika mwaka huo huo wa 2023. Mwenye mashua moja hana benchi la akiba. Bamvua likipita chombo kimefungwa, kamba huvuliwa na wengine na mkopo wa mashine huendelea kudai.

Kwake yeye nahodha wa wastani anayekaa msimu mzima anaweza kuwa na faida kuliko bingwa wa nusu msimu. Akimtaka bingwa, basi fedha za awali zigawanywe mara mbili, nusu mwanzoni na nusu chombo kikipandishwa pwani mwisho wa msimu, na gharama ya kuvunja makubaliano iandikwe mbele ya mashahidi kabla nanga haijang'olewa.