Kwa Nini Kava la Albamu Linasimamisha Kidole na Picha ya Sweta Lako Inapitwa

Leo fanya hivi kwanza. Fungua status za WhatsApp, pitisha kidole kama siku zote. Utapita mchele, utapita viatu, utapita mikoba. Halafu unakuta kuna mtu kaposti kava la albamu mpya ya msanii fulani. Hapo kidole kinasimama. Hata kama huyo msanii humpendi, utaangalia kwanza ndo uendelee.

Sasa jiulize. Muziki hauonekani. Hauna saizi, hauna kitambaa cha kushika, huwezi kuujaribisha mwilini. Lakini watu wanauuza kwa picha. Wewe unauza sweta ambalo mtu analiona kabisa, na bado linapitwa. Kuna kitu wenzetu wa muziki wanakifanya, na kiukweli sehemu kubwa ya kitu hicho haihitaji hela.

MFUKO WA KARATASI ULIVYOGEUKA TANGAZO

Zamani sana sahani za santuri ziliuzwa ndani ya makasha yasiyo na picha. Dukani zote zinafanana, unasoma jina tu. Mwaka 1940 kule Marekani kijana anaitwa Alex Steinweiss, umri wake ishirini na kitu tu, aliwashawishi mabosi wake wa kampuni ya Columbia waweke mchoro juu ya kasha. Muziki wa ndani ulibaki ule ule. Kilichobadilika ni kwamba kasha lenyewe sasa lilikuwa linajitangaza. Leo hakuna albamu inayotoka bila kava.

Kwetu tulipitia kaseti. Kava lake dogo kama kiganja, lakini ndani ya kiganja hicho lazima uoneshe sura, jina la msanii na jina la albamu, tena mtu aone akiwa amesimama nje ya kibanda. Angalia Mr. II, yaani Sugu, ambaye baadaye alikuwa mbunge wetu wa Mbeya Mjini. Mwaka 1995 alitoa albamu inaitwa "Ni Mimi", mwaka 1998 akatoa "Niite Mr. II". Soma hayo majina tena. Ni mtu anakwambia kumbuka jina langu, kabla hujasikiliza hata wimbo mmoja.

Sasa hivi kava limerudi kuwa dogo kuliko hata la kaseti. Kwenye Boomplay au Audiomack unaliona likiwa dogo kama stempu, kwenye simu yenye kioo kilichopasuka, na mwenye simu anabana bando. Hapo ndipo na picha yako inapoishi. Kwa hiyo tatizo lao na letu ni moja.

SIMBA, TEMBO NA CHUI

Hapa ndo pa kujifunza zaidi. Diamond Platnumz anajiita Simba. Harmonize alitoka kwenye lebo yake ya WCB mwaka 2019, akasimama na Konde Gang, akajiita Tembo. Rayvanny, kijana wa hapa hapa Mbeya, naye alitoka WCB mwaka 2022 akiwa na lebo yake ya Next Level Music, na yeye ni Chui.

Unaona walichofanya? Watu watatu wametoka nyumba moja, wanaimba Bongo Fleva, wanagombania mashabiki wale wale. Kama kila mmoja angekuja na mabango yanayofanana, shabiki angechanganya. Kila mtu akachukua mnyama wake. Ukiona tembo kwenye bango unajua ni nani hata jina hujalisoma.

Sasa rudi kwetu. Mzigo mmoja unatoka Kariakoo, unafika kwa wa jumla Mwanjelwa, wa jumla anatupia picha kwenye grupu la WhatsApp. Wauzaji ishirini tunaichukua picha ile ile, tunaiposti siku ile ile. Mteja wa Uyole anaona jaketi moja mara ishirini. Atatuchagua kwa kipi? Kwa bei tu. Wewe unashusha elfu moja, mwenzako anashusha elfu mbili, mwisho wa mwezi umeuza sana na faida huioni.

Ndo maana nasema muonekano sio urembo. Kama hauna muonekano wako, umebaki na bei peke yake, na kwenye bei kuna mwenye mtaji mkubwa kukuzidi. Diamond mwenyewe mwaka 2017 aliingiza sokoni Diamond Karanga. Karanga zipo kila stendi. Zake zilikuwa na jina.

MAMBO MANNE YA KUCHUKUA

1. Kitu kimoja tu kwenye picha.
Kava la albamu linaweza kubeba nyimbo kumi na tano, lakini halioneshi nyimbo zote. Linaonesha sura moja au alama moja. Michael Jackson kwenye "Thriller" ya 1982 ni yeye tu, kajilaza na suti nyeupe. Sisi tunabananisha viatu kumi na viwili kwenye picha moja, kila kimoja kinaonekana kama punje. Weka kiatu kimoja, kijae. Vingine watakuja kuviuliza.

2. Rangi moja, na uishikilie.
Mwaka 2024 mwimbaji wa Uingereza Charli XCX alitoa albamu inaitwa "Brat". Kava lake ni kijani kikali na neno moja lenye maandishi yaliyofifia. Basi! Hakuna sura, hakuna gari. Lakini rangi hiyo aliirudia kila sehemu mpaka watu wakiona kijani kile wanamkumbuka yeye. Kitu kama hicho unatengeneza kwenye simu yako dakika tano. Chagua kitambaa cha rangi moja, kanga au shuka lisilo na maua mengi, kila bidhaa ipige picha juu yake. Baada ya miezi miwili mteja ataijua picha yako hata ikitumwa na mtu mwingine.

3. Maneno machache, na yale muhimu yawe wazi.
Tangazo la albamu lina jina la msanii, jina la albamu na tarehe ya kutoka. Hakuna msanii anaandika "tarehe njoo inbox". Sisi tunaandika sala, salamu, namba tatu za simu na vikopa kumi, halafu bei, kitu pekee mteja anachotaka, tunaificha. Andika bidhaa, saizi zilizopo, bei, na unapopatikana.

4. Itoe kwa hatua.
Albamu haitupwi siku moja. Leo unaona tarehe tu, kesho kutwa kava, wiki ijayo orodha ya nyimbo, halafu ndo mzigo wenyewe. Kila hatua inakupa sababu ya kurudi kuangalia. Rayvanny alitoa "Flowers" mwaka 2020, ikaja "Flowers II", ikaja "Flowers III". Jina moja linabebana, ya mwanzo inaitangaza inayofuata. Na wewe belo lako ukilifungua Ijumaa, Jumatano onesha kipande cha kitambaa tu. Alhamisi onesha sweta moja na bei. Ijumaa asubuhi toa zote. Ukifanya hivyo kila Ijumaa, watu wataizoea siku yako.

HAPA USIWAIGE

Kava la albamu linaruhusiwa kudanganya kidogo. Msanii anaweza kukaa juu ya mawingu, na hakuna atakayerudisha albamu kwa kuwa mawingu hayakuwemo. Picha yako wewe ni ahadi. Mteja wa Mafinga au Tukuyu anakutumia hela kwenye simu kabla hajaona kitu. Picha ndo ushahidi pekee alionao. Ukiongeza rangi mpaka sweta la maruni likawa jekundu, siku analipokea stendi umempoteza yeye na watu wake wote. Kwa hiyo pamba mandhari ya nyuma, pamba maandishi, ila bidhaa iache ilivyo. Kama ina doa, lioneshe.

Pia usichukue sura ya msanii ukaibandika kwenye tangazo lako ili watu wasimame. Ile picha ina mwenyewe. Sheria ya hakimiliki tunayo tangu mwaka 1999, na hata bila sheria, watu watamkumbuka msanii na duka lako watalisahau.

MFANO: MUUZA VIKAPU WA IRINGA

Tuchukue dada anayeuza vikapu vya Iringa, yuko Kihesa. Kawaida yake anaposti vikapu nane vimepangwa sakafuni, mwanga wa taa, maandishi: "Vikapu vizuri sana karibuni wateja wangu bei maelewano."

Abadilishe hivi. Achukue kikapu kimoja, akiweke mbele ya ukuta wa udongo, na ukuta huo huo autumie kila mara. Apige asubuhi au siku ya mawingu, sio saa sita, maana jua la mchana linatupa vivuli vikali na ususi hauonekani. Watu wa Mbeya kipindi cha ukungu msilalamike, mwanga ule ni laini na hauna gharama. Mkono wa mtu ushike mpini, ili mteja ajue ukubwa. Maandishi yawe mafupi: "Kikapu cha milulu, saizi ya kati, 20,000. Kihesa, Iringa. Natuma kwa basi." Chini kwenye kona alama yake ndogo, iwe ile ile kila siku.

Vikapu ni vile vile na simu ni ile ile. Ila sasa mteja akiwa Dar akakiona, anajua ni cha nani, bei gani, na anakipataje.

KAZI YA WIKI HII

Chukua picha zako tisa za mwisho, ziangalie kwa pamoja ukiwa umenyoosha mkono, simu iwe mbali. Ficha jina la ukurasa kwa kidole. Mpe mtu mwingine aangalie, muulize maswali mawili: kinauzwa nini, na hizi picha ni za duka moja au maduka tisa?

Akijibu maduka tisa, bado hauna kava. Anza na kitambaa kimoja cha rangi moja leo jioni, kesho asubuhi upige. Biashara njema.