Lugha Mbili na Ulimi wa Mtoto

Katika vijiji vingi vya mwambao wa Ziwa Viktoria karibu na Mwanza, mtoto humwita mama yake "mayu" kwa Kisukuma, na dukani husikia Kiswahili. Akichelewa kusema, lawama huangukia lugha hizo mbili, na wazazi hushauriwa kuiacha ile ya nyumbani. Ushauri huo hauna msingi wa kisayansi.

Kosa limo katika kuhesabu. Katika umri wa miaka miwili hutazamiwa maneno kama 50. Mtoto ajuaye 30 ya Kisukuma na 25 ya Kiswahili huonekana maskini akipimwa kwa lugha moja; yakijumlishwa, anayo 55. "Mbuli" na "mbuzi" ni maneno mawili, ingawa mnyama ni mmoja.

Uzito wa kweli wa kusema hudhihirika katika lugha zote mbili. Hapo yafaa kwanza yachunguzwe masikio. Usaha utokao sikioni mara kwa mara, ambao wengi huuona jambo dogo, waweza kupunguza usikivu. Na asiyesikia vema hawezi kuiga vema. Mtoto huyo apelekwe kituo cha afya, na ikibidi hospitali ya rufaa ya Bugando, badala ya kungojewa "akue". Nyumbani, bibi aendelee kumsimulia kwa Kisukuma, lugha aijuayo barabara, akimtazama usoni na kumwachia nafasi ya kujibu.