Bonde Lisiloonekana katika Takwimu za Kiribatumbo

Tafiti za kitaifa za afya zinaonyesha kwamba wanawake wa Tanzania wa umri wa miaka 15 hadi 49 wenye uzito uliozidi, wakiwamo wenye kiribatumbo, yaani unene uliopindukia, walikuwa asilimia 18 mwaka 2004/05, wakafikia 22 mwaka 2010 na 28 mwaka 2015/16. Kipimo kinachotumika ni uzito kwa kilo ukigawanywa kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe: mama wa mita 1.60 na kilo 70 hupata 27.3, na kwa kuwa uzito huhesabiwa umezidi kuanzia 25 na kiribatumbo kuanzia 30, amekwisha kuvuka mpaka wa kwanza. Wajawazito na waliojifungua karibuni hawahesabiwi.

Mipaka hiyo haimfai mtoto mdogo, ambaye mwili wake hubadilika kila mwezi. Uzito wake hulinganishwa na wa watoto wa urefu wake katika viwango vya Shirika la Afya Duniani vya 2006, na asiyetimiza miaka miwili hupimwa urefu akiwa amelazwa ubaoni. Mwaka 2015/16 asilimia 34 ya walio chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa na takriban 4 walikuwa na uzito uliozidi, hali mbili ambazo, jambo linalosahaulika mno, huweza kumpata mtoto yuleyule, aliye mfupi kwa umri wake na mzito kwa urefu wake.

Hata hivyo sampuli, yaani kaya chache zinazoteuliwa kuwakilisha zote, hupangwa zitoe jibu la mkoa, si la wilaya, kwa hiyo Wilaya ya Kyela, bondeni kwenye mpunga, mawese, kakao na samaki wadogo waitwao usipa, huunganishwa na milima ya Rungwe na Jiji la Mbeya katika wastani mmoja wa Mkoa wa Mbeya, na mwanamke wa Kyela anayeinama kutwa akipalilia mpunga Ipinda hatofautishwi na muuza duka anayeketi kutwa Kasumulu. Utafiti wa 2015/16, tena, haukupima uzito wa wanaume wala wa watoto wa shule za msingi: binti aliyefikisha miaka mitano alitoweka katika hesabu yake hadi atimize 15, na mvulana hakurudi kabisa.

Pengo hilo halisubiri utafiti mwingine wa taifa. Halmashauri ya Wilaya ya Kyela iwapime wanafunzi uzito na urefu kila mwaka kuanzia darasa la kwanza, na iyatunze matokeo kata kwa kata.