Filamu za matukio halisi: Ipi tuitazame na familia, ipi tuiache?

Siku hizi si ajabu kuingia katika nyumba ya Mwislamu, iwe Bukoba mjini au kijijini Muleba, ukawakuta wazazi na watoto wameizunguka televisheni, au hata simu moja, baada ya sala ya Isha. Mazungumzo yetu mengi kuhusu jambo hili huwa ni ya kukataza: tamthilia hii haifai, muziki ule haufai. Kukataza huko kuna nafasi yake. Lakini ipo aina moja ya filamu ambayo wazazi wengi huiruhusu bila kuuliza chochote, nayo ni filamu ya matukio halisi, ambayo wengi huiita dokumentari. Hoja yao ni kwamba hizo ni habari za kweli, hazina waigizaji, na kwa hiyo hazina madhara.

Sisi si wataalamu wa filamu. Ni watazamaji wa kawaida ambao kwa miaka mingi tumetazama nyingine kwa kanda, nyingine kwa diski na nyingine kwa simu. Maoni yetu kwa ufupi ni haya: filamu ya matukio halisi ni ushahidi wa mtu, na ushahidi huhojiwa. Mwenye kamera alichagua asimame wapi, amuulize nani na akate nini. Wajibu wa kuipeleleza habari kabla ya kuisadiki, ambao sote tunaujua kutoka katika Suratul Hujurat, hauondoki eti kwa sababu habari imekuja na picha. Hebu tuzitazame filamu nne zinazotuhusu sisi watu wa Kagera na Afrika Mashariki.

Jinamizi la ziwa letu

Ya kwanza ni Darwin's Nightmare, yaani Jinamizi la Darwin, iliyoongozwa na Hubert Sauper wa Austria na kutoka mwaka 2004. Ilipigwa Mwanza, lakini ziwa ni hilo hilo linalopiga mawimbi Kemondo na katika visiwa vya Bumbire na Goziba. Filamu inaeleza habari za sangara, samaki mgeni aliyepandikizwa katika Ziwa Victoria, akawala furu na samaki wengine wa asili kwa wingi mno, kisha akageuka kuwa biashara kubwa ya minofu inayosafirishwa Ulaya kwa ndege za mizigo. Minofu inakwenda kwa wenye fedha, na wenyeji wanabakiwa na mapanki, yaani vichwa na mifupa.

Filamu hii ilisifiwa sana nje, hata ikawania tuzo ya Oscar mwaka 2006. Hapa nyumbani mambo yalikuwa kinyume. Mwaka huo huo Rais Jakaya Kikwete aliilaani hadharani, na Mwanza yakafanyika maandamano ya kuipinga. Katika mjadala ule wapo waliodai kuwa mapanki ni chakula cha mifugo tu, si cha binadamu.

Tulipoitazama tulikuwa na jamaa yetu anayenunua samaki katika visiwa vya Muleba. Mapanki yalipoonyeshwa yakianikwa, tulimuuliza kama kuna uongo pale. Akatujibu, "Uongo uko wapi? Nani hapa hajawahi kula panki?" Lakini baada ya muda akaongeza neno ambalo hatujalisahau: "Huyu bwana ameonyesha mfupa. Mbona hakuonyesha ada ya shule niliyowalipia wanangu kwa samaki huyo huyo?"

Hukumu yetu imejengwa juu ya maneno hayo mawili. Umaskini unaoonekana katika filamu ni wa kweli, na kuukana kwa sababu unatuaibisha si uzalendo. Lakini mwongozaji amemtwika sangara mizigo isiyokuwa yake yote. Ukahaba, watoto wa mitaani na ukimwi vipo pia katika miji isiyokuwa na ziwa wala kiwanda cha minofu. Kuhusu silaha, filamu inadokeza kwamba ndege zinazokuja kuchukua samaki huleta zana za vita. Rubani mmoja anasimulia jinsi alivyowahi kupeleka zana Angola, na kauli yake inahuzunisha. Hata hivyo, silaha zikishushwa Mwanza hatuonyeshwi. Mtazamaji asiyekuwa makini huondoka akiamini kuwa ameziona.

Basi tunasema itazameni, lakini wawe watu wazima na vijana waliokwisha kupevuka. Imo habari ya wanawake wanaouza miili yao, na mmoja wao aliuawa kabla filamu haijakamilika. Wamo pia watoto wanaonusa gundi. Si filamu ya kuwawekea watoto wadogo kisha mama akaingia jikoni.

Kicheko cha Amin

Filamu ya pili ni ile ya Idi Amin, iliyotengenezwa na Barbet Schroeder mwaka 1974. Mwongozaji aliiita taswira ya Amin aliyojichora mwenyewe, kwa kuwa Amin ndiye aliyeamua mengi ya kuonyeshwa, na hata muziki mwingine ni wake. Anapiga kodiani, anashindana kuogelea na kushinda, anazungumza na tembo na mamba akiwa katika boti, na anawaongoza askari wake katika mazoezi ya kuiteka milima ya Golan. Katika kikao cha baraza la mawaziri anamkaripia waziri wake wa mambo ya nje, Michael Ondoga. Muda mfupi baadaye mwili wa Ondoga ulikutwa katika Mto Nile.

Filamu ilipotoka, Amin hakupendezwa na baadhi ya sehemu. Akawazuia Wafaransa waliokuwa Uganda, mpaka mwongozaji akakubali kuzikata. Zilirudishwa baada ya yeye kuanguka mwaka 1979. Jambo hilo peke yake ni somo kwa mtazamaji: hata filamu isiyokuwa na neno la uongo yaweza kuwa imekatwa kwa kuogopa bunduki.

Tuliitazama nyumbani kwetu Muleba tukiwa na mzee wetu ambaye asili yake ni ng'ambo ya Mto Kagera. Amin alipoanza kupiga kodiani, mjukuu wake alicheka sana, akasema, "Babu, mbona huyu mtu anachekesha hivi?" Mzee hakukasirika. Alisema, "Na sisi tulimcheka, mjukuu wangu. Tulikuwa tukisikia vituko vyake redioni tunacheka." Kisha akainuka, akatoka kwenda kukaa barazani, wala hakurudi ndani mpaka filamu ilipokwisha.

Msomaji wa mkoa huu hahitaji kuelezwa kwa kirefu. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Amin yaliingia katika ardhi yetu kaskazini ya Mto Kagera, wakaua, wakapora ng'ombe, na mwanzoni mwa Novemba wakalibomoa daraja la Kyaka. Mzee alikuwa amelivuka daraja hilo kwa miguu siku chache kabla, mkewe akiwa na mtoto mgongoni. Ng'ombe wake hakuwaona tena. Vita ilipokwisha aliamua kubaki Muleba kwa wakwe zake, katika wilaya ile ile yenye makaburi ya Kaboya, walikolazwa askari wetu waliokufa vitani.

Kuna neno jingine ambalo ni lazima tulisema sisi wenyewe. Wapo miongoni mwetu waliokuwa wakiona uzito kumlaumu Amin kwa kuwa alijiita Mwislamu. Jina halimtakasi mtu na damu aliyoimwaga, na miongoni mwa waliokimbia na waliouawa walikuwamo Waislamu. Mwenye kuogopa kuwa filamu hii inauchafua Uislamu aitazame kwa makini: anayejichafua pale ni mtu mmoja, tena kwa kinywa chake.

Hukumu yetu ni kwamba filamu hii ni ya lazima kwa familia za Kagera, ila kwa sharti moja. Isitazamwe bila mtu wa kuwaeleza watoto yaliyotokea miaka minne baada ya kupigwa kwake. Bila ya maelezo hayo watakicheka tu kichekesho, na wataamini kwamba mtu anayechekesha hawezi kuwa wa hatari.

Ile tunayoiacha

Ya tatu ni Africa Addio, yaani Kwaheri Afrika, ya Waitaliano Gualtiero Jacopetti na Franco Prosperi, ya mwaka 1966. Wengi huitafuta kwa sababu imo picha iliyopigwa kutoka angani Zanzibar, Januari 1964, ikionyesha watu waliouawa na makaburi ya halaiki. Tunaelewa hamu hiyo. Wapo wenye ndugu waliopotea siku zile, na picha hizo ni ushahidi adimu.

Pamoja na hayo, tunasema familia iiache. Filamu nzima imejengwa juu ya dhana kwamba Mwafrika, mkoloni akiondoka, hana ajualo ila kuchinja, iwe ni wanyama au binadamu mwenziwe. Maiti wanaonyeshwa kana kwamba ni maonyesho ya sarakasi, hawana jina wala jamaa. Mwaka 1966 wanafunzi wa Kiafrika waliipinga huko Berlin Magharibi. Jacopetti alishutumiwa hata kwamba mauaji fulani ya Kongo yalipangwa kwa ajili ya kamera yake, ingawa shutuma hiyo aliondolewa, na uadilifu unatutaka tuliseme na hilo. Mtafiti wa historia na azitazame dakika zile za Zanzibar kwa kazi yake. Sisi wengine hatuna faida ya kuketi na watoto wetu kutazama maiti wakidharauliwa.

Ile inayotusifu

Ya nne ni mfululizo wa sehemu tisa, The Africans, wa mwaka 1986, uliotungwa na kusimuliwa na Profesa Ali Mazrui wa Mombasa, ukatangazwa Uingereza na Marekani. Mazrui aliwahi kufundisha Makerere, akaondoka Uganda wakati wa utawala wa huyo huyo Amin. Alifariki mwaka 2014, akazikwa Mombasa. Katika mfululizo huu anaeleza kwamba Mwafrika amerithi mambo matatu: asili yake, Uislamu, na yaliyokuja kutoka Magharibi. Ni jambo la nadra kuiona Afrika ikielezwa na Mwafrika, tena Mwislamu wa pwani yetu. Kule Marekani, mkuu wa taasisi ya serikali iliyochangia fedha, Lynne Cheney, alichukizwa kiasi cha kutaka jina la taasisi hiyo liondolewe.

Bila shaka tunashauri utazamwe, na vijana wanaojua Kiingereza wawafasirie wazee. Lakini hapa ndipo penye mtihani wetu. Filamu ikitulaumu tunaipekua, na ikitusifu tunapiga takbiri. Mwandishi Wole Soyinka wa Nigeria alilalamika kwamba Mazrui ameupendelea Uislamu na kuzidunisha dini za asili za Waafrika. Yapo tunayokubaliana na Mazrui na yapo tunayomwona Soyinka ana haki ya kuuliza. Tukimhoji Sauper kwa kuwa ametuonyesha mfupa peke yake, tutakuwa si waadilifu tusipomhoji na ndugu yetu kwa kuwa ametuonyesha mnofu.

Nini la kufanya

Kwa hiyo, mzazi, kabla ya kuifungua filamu uliza mambo matatu. Nani ameitengeneza, na ameitengeneza kwa ajili ya nani? Nani anazungumza ndani yake, na nani anaonyeshwa tu bila kuulizwa? Na je, nyumbani au mtaani kwako yupo mtu aliyeyaona mambo hayo kwa macho yake? Akiwapo, mwite aketi nanyi.

Swali hilo la mwisho ndilo kubwa kwetu. Waliovuka Kyaka mwaka 1978 wamezeeka. Waliosubiri gati la Mwanza asubuhi ya tarehe 21 Mei 1996, wakaletewa habari kwamba MV Bukoba imezama, nao umri unasogea. Mwongozaji kutoka mbali akija kesho atamkuta nani wa kumuuliza?

Mzee wetu alikaa kimya wiki nzima baada ya filamu ile. Ijumaa iliyofuata, baada ya chakula cha mchana, alimwita mjukuu yule aliyecheka, akamwambia alete simu yake airekodi sauti. Alizungumza mpaka adhana ya Alasiri, akaanza na majina ya ng'ombe wake.