Sarufi ya Mistari: Jinsi Skana Inavyowasiliana na Mtambo wa Kiwanda

Lengo la makala haya ni kueleza jinsi skana, chombo kinachosoma msimbo wa mistari, inavyounganishwa na kidhibiti, yaani kompyuta ndogo inayoongoza mitambo ya kiwandani. Jambo hili haliko mbali nasi. Miongoni mwa bidhaa zinazouzwa Baraka na Fizi zimo zenye mistari hiyo, na chini yake nambari inayoanza, kwa mfano, na 616 ya Kenya au 620 ya Tanzania. Nambari hizo huonyesha mahali kampuni ilikojiandikisha. Si lazima bidhaa iwe imetengenezwa huko.

Skana humulika mistari. Mstari mweusi hunyonya mwanga na nafasi nyeupe huurudisha. Upana wake ndio unaobainisha tarakimu. Kama alivyofundisha Ferdinand de Saussure kuhusu ishara ya lugha, baina ya umbo na maana hapana uhusiano wa asili, bali mapatano.

Mapatano hayo huendelea ndani ya waya. Skana na kidhibiti hupangiwa kasi moja, tuseme biti 9600 kwa sekunde. Tarakimu hutumwa moja baada ya nyingine, kisha hufuata alama ya kikomo, ambayo aghalabu ni ile ya 13 katika jedwali la ASCII. Alama hiyo ni kama nukta ya sentensi. Isipotumwa, kidhibiti huweza kungoja bila mwisho au kuunganisha nambari mbili kuwa moja. Ujumbe ukikamilika, kidhibiti huilinganisha nambari na ile iliyotarajiwa. Zikitofautiana, husimamisha ukanda. Hivyo ndivyo dawa ya watu wazima inavyozuiwa isiingie katika kasha la dawa ya watoto.

Msimbo wa tarakimu 13 una pia uhakiki wake. Tuchukue mfano wa kubuni: 620123456789. Tarakimu za nafasi ya kwanza, ya tatu na kuendelea hujumlishwa: 26. Zilizobaki ni 27, nazo huzidishwa kwa 3: 81. Jumla ni 107. Ili kufikia 110 panahitajika 3, nayo huwa tarakimu ya 13. Kosa la tarakimu moja hugunduliwa daima. Lakini tarakimu jirani zinazotofautiana kwa 5, kama 1 na 6, zikibadilishana nafasi, kosa hupita.

Aidha, uhakiki huu hupima umbo la ujumbe, haupimi ukweli wake. Mwaka 2010, magunia ya madini ya bati katika Kivu ya Kusini yalianza kufungwa lebo zenye nambari ili asili yake ijulikane. Lebo sahihi ikifungwa kwenye gunia lisilo lake, hakuna skana itakayolalamika. Sentensi huweza kuwa na sarufi safi na bado ikawa uongo.

Kwa hiyo kazi ya istilahi si pambo. Fundi anayeelewa kwa lugha yake tofauti kati ya «kikomo», «uhakiki» na «ukweli» atajua kosa alitafute wapi: katika waya, katika nambari, au katika mkono uliofunga lebo.