Mgagani: mboga ya kunata vidole, mbegu ya kugoma kuota

MBOGA inayoitwa mgagani upande wa Tanzania, ukivuka daraja la Rusumo kuingia Rwanda inaitwa isogi. Wajaluo wa Kenya wanaiita dek, Wakisii chinsaga. Anayeinunua mpakani, au anayeirudisha shambani baada ya miaka ya ukimbizini, afadhali aijue kwa macho na vidole kuliko kwa jina.

Kwanza iguse. Shina na vikonyo vimejaa vinyweleo vyenye vitone vya utomvu kwenye ncha, ndiyo maana vidole hunata na kubaki na harufu kali. Harufu hiyo mimi siipendi, ila kupe wanaichukia zaidi: utafiti uliochapishwa mwaka 1992 ulionyesha kuwa mmea huu unawafukuza. Vumbi la barabarani nalo hung'ang'ania hapo hapo, basi mafungu ya kando ya njia yaoshwe vizuri.

Kila jani lina vijani vitatu hadi saba, kwa kawaida vitano, vilivyotandazwa kama vidole vya mkono. Ua lina petali nne, nyeupe au za waridi, na katikati husimama kijiti kirefu kinachobeba stameni sita juu ya petali. Ndugu yake wa maua ya njano naye hunata, lakini kijiti hicho hana.

Huu ni mmea wa msimu mmoja. Hauchipui tena mwaka wa pili, kila mara unaanza na mbegu, na hapo ndipo kuna malalamiko. Waliorejea makwao wanasema wameuziwa mbegu mbovu, fedha imekwenda na kitalu kitupu. Mara nyingi mbegu si mbovu, ni mpya mno. Ikitoka kwenye ganda hulala miezi kadhaa kabla ya kukubali kuota. Iliyovunwa juzi itakuangusha. Ya msimu uliopita, iliyotunzwa pakavu, itaota. Muuzaji aulizwe bei, lakini aulizwe pia alivuna lini.

Maua huja mapema, wiki nne hadi sita tangu kupanda, na yakija majani hupungua. Kata vitumba, uache miche michache ya mbegu. Maganda yavunwe yakianza kugeuka njano, maana yakikauka hupasuka na kumwaga mbegu zote chini. Na kabla ya kuvusha mbegu za kuuza, waulize maofisa wa afya ya mimea mpakani, wasije wakakunyang'anya mzigo.