Kutengenezesha soseji kutoka kwa nguruwe wako mjini Bujumbura: piga hesabu kwanza

Una nguruwe mmoja au wawili nyuma ya nyumba, huko Kinama, Kanyosha au Kamenge. Umemlisha kwa miezi mingi kwa machicha ya Brarudi, pumba za mpunga na majani ya viazi. Sasa ada ya shule inakaribia, au Noeli na Bonane ziko mlangoni. Mchinjaji amekuja na bei ambayo haikufurahishi. Jirani anakuambia: "Usimuuze mzima. Tengenezesha soseji, utapata mara mbili."

Je, ni kweli? Wakati mwingine faida ipo, lakini mara nyingi ni ndogo kuliko watu wanavyodhani, na inaweza kupotea kwa siku moja umeme ukikatika. Makala hii inakusaidia kujua gharama zote kabla hujampeleka mnyama wako. Imeandikwa kwa ajili ya wakimbizi wanaoishi mjini na kambini, pamoja na Warundi waliorudi kutoka Nyarugusu na Nduta wanaofuga. Ikiwa dini yako haikuruhusu nguruwe, hesabu hizi zinaweza kukufaa hata kwa soseji za ng'ombe.

Kumbuka: bei hubadilika haraka hapa Burundi, na ukosefu wa mafuta ya gari hupandisha nauli. Kwa hiyo bei zote utakazoona hapa chini ni mfano wa kupigia hesabu tu. Si bei za soko. Weka bei za mtaa wako mahali pake.

Nguruwe wa kilo 80 anatoa nyama kiasi gani?

Hapa ndipo wengi hukosea. Nguruwe mwenye kilo 80 akiwa hai hatoi kilo 80 za soseji. Ukiondoa damu, manyoya na vya tumboni, mwili uliochinjwa hubaki na takribani asilimia 70, yaani kilo 56. Ukitoa mifupa, kichwa na miguu, nyama na mafuta yanayoweza kusagwa ni karibu kilo 39. Hiyo ni chini kidogo ya nusu ya uzito wa mnyama uliyemfunga kamba asubuhi.

Nyama yako mwenyewe si ya bure

Watu husema, "Nyama ninayo, nitalipa kazi tu." Lakini kama mchinjaji alikuwa tayari kukulipa, basi nyama hiyo ina bei, na bei hiyo ndiyo gharama yako ya kwanza.

Tuseme mchinjaji alikupa faranga 800,000 kwa nguruwe mzima. Wewe ukakataa, ukalipa faranga 80,000 kwa usafiri, kuchinja na ukaguzi. Kisha ukauza kichwa, miguu, mifupa na vya ndani kwa faranga 100,000. Hesabu inakuwa hivi:

- 800,000 + 80,000 – 100,000 = 780,000
- 780,000 gawanya kwa kilo 39 = faranga 20,000 kwa kilo

Kwa hiyo, kabla mashine haijawashwa, kila kilo ya nyama imeshakugharimu faranga 20,000.

Gharama za soseji zenyewe

Si lazima usage nyama yote. Tuseme umechagua kilo 20 za soseji na zilizobaki unauza mbichi au unakula nyumbani. Utalipia mambo haya:

- Nyama, kilo 20: 400,000
- Kazi na mashine (tuseme 4,000 kwa kilo): 80,000
- Chumvi, viungo na utumbo wa kujazia: 42,000
- Barafu au friji, na mifuko ya kufungia: 25,000
- Usafiri wa kwenda na kurudi: 20,000
- Jumla: 567,000

Mtengenezaji huongeza maji baridi kidogo, na nyama kidogo hubaki kwenye mashine. Kilo 20 za nyama zinaweza kukurudishia karibu kilo 21 za soseji mbichi. Gawanya 567,000 kwa 21: kila kilo imekugharimu faranga 27,000. Ukitengeneza soseji za gramu 100, utapata soseji 210, na kila moja imekugharimu faranga 2,700.

Faida iko wapi?

Ukiuza kila soseji kwa faranga 3,000 na zote 210 zikaisha, utapata 630,000. Faida ni 63,000.

Lakini zikiharibika 21 tu, yaani moja katika kila kumi, utauza 189 na kupata 567,000 kamili. Faida ni sifuri. Umerudisha pesa yako na kuchoka bure.

Sasa linganisha. Kilo hizo 20 ukiziuza mbichi siku ileile ya kuchinja kwa faranga 22,000 kwa kilo, unapata 440,000, faida ya 40,000. Maana yake soseji zimekuongezea faranga 23,000 tu, na ili kuzipata umekaa na nyama siku kadhaa ukiomba umeme usikatike. Kwa hiyo swali la kwanza ni hili: nani atanunua, na lini? Ukiwa na mteja aliyekwisha kuagiza, kama mwenye mgahawa, familia yenye sherehe au kikundi cha akiba, soseji zina maana. Kama unapanga kuzitembeza mtaani bila kujua mnunuzi, afadhali uuze nyama.

Utumbo wa nguruwe wako hautoshi

Soseji hujazwa kwenye utumbo mwembamba uliokwanguliwa na kuoshwa kwa maji na chumvi. Utumbo wa nguruwe mmoja mkubwa hufika mita 15 hadi 20, na mita moja hubeba takribani nusu kilo ya nyama. Kwa hiyo utumbo wa mnyama wako unatosha kilo 8 hadi 10 tu. Zilizobaki utahitaji kununua utumbo mwingine. Ule unaotoka nje ya nchi hulipiwa kwa pesa za kigeni, ndiyo maana ni ghali. Njia nyepesi ni kutengeneza nusu ya nyama kuwa soseji, na nusu nyingine kuifinyanga mviringo bila utumbo. Ladha ni ileile, na gharama inapungua.

Maswali ya kumuuliza mtengenezaji kabla hujamwachia nyama

1. Bei ni kwa kilo ya nyama ninayoleta, au kwa kilo ya soseji ninayochukua? Tofauti ni kubwa ikiwa ataongeza maji mengi.
2. Viungo na utumbo vimo ndani ya bei hiyo?
3. Tutapima pamoja nyama ikiingia na soseji zikitoka? Kama hakuna mizani, nenda kwa mwingine.
4. Nyama yangu itasagwa peke yake, au itachanganywa na ya wengine?
5. Utaweka chumvi kiasi gani? Gramu 16 hadi 20 kwa kilo ni kawaida. Kilo 20 zinahitaji kama gramu 360.
6. Umeme ukikatika, nyama yangu itawekwa wapi?

Wengine hukubali kulipwa kwa soseji badala ya pesa. Si vibaya, lakini ihesabu kwa bei ya kuuza. Akibaki na kilo 2 kati ya 21, amechukua thamani ya faranga 60,000, chini ya zile 80,000 za mfano wetu. Akitaka kilo 4, amechukua 120,000. Kubaliana kabla ya kuanza, na andikeni kwenye karatasi.

Usiruke ukaguzi wa mifugo

Kulipa daktari wa mifugo kunaonekana kama gharama ya kupunguza. Tafadhali usiipunguze.

Sababu ya kwanza ni minyoo ya tegu. Nguruwe aliyekula kinyesi cha mtu mwenye tegu hupata vifuko vidogo vyeupe, kama punje za mchele, ndani ya nyama. Kwenye kipande cha nyama unaweza kuviona. Ikishasagwa na kujazwa kwenye utumbo, hakuna atakayeviona. Anayekula nyama hiyo bila kuiva hupata tegu tumboni, na mayai ya tegu hiyo, yakiingia mdomoni kwa mikono au maji machafu, yanaweza kufika kwenye ubongo na kuleta kifafa. Hili si jambo la mbali. Utafiti uliofanyika Kiremba, kaskazini mwa Burundi, na kuchapishwa mwaka 2003, ulionyesha kwamba ugonjwa huu ni chanzo kikubwa cha kifafa katika eneo hilo. Si uchawi wala laana.

Sababu ya pili ni homa ya nguruwe ya Afrika. Haiambukizi binadamu, lakini inaua nguruwe kwa wingi na haina dawa. Nguruwe akianza kuugua, mwenye hasara hushawishika kumchinja haraka na kumfanya soseji. Usifanye hivyo. Virusi hubaki hai kwenye nyama mbichi, hata iliyogandishwa au kutiwa chumvi, na mabaki yake yakifika kwenye banda la jirani, banda lote linaisha. Mwite daktari wa mifugo wa komine. Pia usiwape nguruwe mabaki ya jikoni yenye nyama bila kuyachemsha vizuri.

Mfungie nguruwe wako bandani. Sheria ya mwaka 2018 inakataza mifugo kuzurura nchini Burundi, na banda ndilo linalomkinga na magonjwa yote mawili.

Kuhifadhi na kupika

Soseji mbichi isiyo na dawa ya kuhifadhi hukaa siku 1 hadi 2 kwenye friji inayofanya kazi. Nje ya friji, kwa joto la Bujumbura, usiiache zaidi ya saa 2. Ukigandisha, gandisha siku ileile. Pika mpaka ndani pasibaki wekundu na maji yanayotoka yawe meupe.

Usinunue chumvi ya kuhifadhia nyama ambayo hujui kipimo chake. Ikizidi inaweza kuua.

Ukitaka kuuza

Kuuza kwa majirani walioagiza ni jambo moja. Kupeleka soseji zilizofungwa madukani ni jambo jingine: bidhaa za chakula zinahitaji kibali cha ubora cha BBN, ofisi ya viwango ya Burundi. Uliza komine yako kuhusu ushuru kabla ya kuanza. Beba kitambulisho chako cha mkimbizi. Ikiwa unaishi kambini na unakuja mjini, hakikisha una kibali cha kutoka.

Kabla ya kumfunga kamba

Chukua karatasi. Andika bei aliyokupa mchinjaji, gharama zote za kuchinja, za mashine na za usafiri, kisha gawanya kwa kilo utakazopata mkononi. Baada ya hapo andika majina ya watu waliokwisha kuagiza. Kama majina hayo hayafiki idadi ya soseji unazohitaji kuuza ili kurudisha pesa yako, anza na kilo 5 tu na nyama nyingine uiuze mbichi. Ukiona zinatoka, nguruwe wa pili atakupa nafasi ya kuongeza.